Umeongeza RAM, SSD au kadi na kompyuta imekataa kuwaka: anzia hapa

Kompyuta iliyowaka asubuhi, ikafunguliwa mchana iongezwe kipande kimoja, kisha ikagoma jioni, mara nyingi haijaharibika. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu hapa Kisumu zikiwa katika hali hiyo huwa na shida moja kati ya tatu: kipande kipya hakielewani nayo, kimeingizwa nusu, au kuna waya uliochomoka mkono ulipokuwa ukipita kwenda kwingine. Kuungua kupo, ila si mahali pa kuanzia, na si sababu ya kukimbilia kununua bodi nyingine.

Mwongozo huu nimewaandikia wenye mashine za mitumba kutoka Uingereza, yaani HP Compaq Elite, EliteDesk, Dell OptiPlex na ThinkCentre, pamoja na laptopu za ofisi za umri huohuo. Ndizo zinazoendesha saiba za Kondele, maduka ya kuchapisha ya Kibuye na vyumba vya wanafunzi kule Maseno. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine hizi wengi hawana haja wala pesa ya kununua mpya. Wanaziongezea nguvu, na hapo ndipo bisibisi inapotoka.

Yote yatakayofuata yanasimama juu ya kanuni moja: irudishe mashine ilivyokuwa mara ya mwisho ilipowaka, halafu songa mbele kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili kwa mpigo na ikawaka, hutajua ni kipi kilichokuwa kikikataa. Isipowaka, umejiongezea washukiwa.

Kabla ya kugusa chochote

Zima swichi ya ukutani na uchomoe waya wa stima. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie kama sekunde 20, ili chaji iliyobaki ndani iishe. Kwa laptopu, toa chaja, fungua mfuniko wa chini, na uchomoe waya wa betri kabla ya kitu kingine chochote. Ukija kuurudisha, chomeka chaja kwanza ndipo ubonyeze kitufe. Laptopu nyingi zenye betri ya ndani hazizinduki bila chaja baada ya betri kutenganishwa, na watu hudhani wameziua.

Gusa chuma tupu cha boksi kabla ya kushika RAM au kadi. Nakuru wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na vumbi linaruka, sweta peke yake yaweza kukupa cheche usiyoiona lakini ambayo chipu inaihisi. Kisha piga picha za ndani kwa simu, karibu na mbali, kila waya uonekane ulikotoka na uliko. Picha hizo zitakusaidia kuliko kumbukumbu yako.

Tukiwa hapo, kuna nyumba za zamani ambazo soketi zina matundu matatu lakini waya wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini stima inayovuja, haujafika popote. Ukigusa boksi la mashine iliyochomekwa ukahisi mkono unawasha, usiendelee na kazi kwenye soketi hiyo. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima, si ya fundi wa kompyuta.

Imegoma namna gani?

Jibu swali hili kabla ya kufungua skrubu, maana kila aina ya kugoma ina njia yake. Mashine inaweza kuwa kimya kabisa, bila taa wala feni. Inaweza kuzungusha feni huku skrini ikiwa nyeusi. Inaweza kuonyesha nembo ya HP au Dell halafu ikalalamika kwamba haioni diski. Au Windows yaweza kuanza, kisha ikafia njiani kwa skrini ya buluu.

Mama mmoja mwenye duka la kuchapisha alinipigia simu siku ya Alhamisi, siku ambayo vijitabu vya wasifu wa marehemu hujaa foleni kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi.

"Fundi, mashine imekufa kabisa. Tumeweka RAM tu."

"Pole, mama. Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Inalia?"

"Inalia mara tano, inanyamaza, inaanza tena."

"Basi haijafa. Toa hiyo mpya, rudisha ya zamani, mchape kazi ya watu. Hiyo nyingine tutaiangalia wiki ijayo."

Yake ilikuwa HP Compaq Elite 8300, na kwa mashine za ukoo huo milio na taa nyekundu ya kitufe cha pawa ni lugha kamili. Mara mbili maana yake prosesa imepata joto kupita kiasi. Mara tatu, prosesa haionekani. Mara nne, pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachoigawia mashine stima, imezidiwa. Mara tano ni RAM, na mara sita ni kadi ya grafiki. Milio huacha baada ya mizunguko michache lakini taa huendelea kupepesa, kwa hiyo tazama taa usitegemee sikio. HP za baadaye huchanganya mipepeso mirefu myekundu na mifupi myeupe, na Dell nazo zina mpangilio wao wa taa ya rangi ya chungwa. Usikariri. Rekodi video ya sekunde 30 kwa simu, hesabu mipepeso ukiwa umetulia, halafu utafute mwongozo wa matengenezo wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hutolewa bure, na maana za taa zimeandikwa humo.

Mashine ya kuungaunga isiyo na spika ndani haitalia hata ikiwa na shida gani. Kimya chake si ushahidi wa chochote.

Ikiwa kimya kabisa

Anza nje. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama inaingiza moto. Ruka ekstensheni, ruka UPS, nenda moja kwa moja ukutani. Waya wa stima wa monita na wa kompyuta ya mezani kwa kawaida ni wa aina moja, basi vibadilishane. Nyuma ya pawasaplai nyingine kuna swichi ndogo ya kuzima na kuwasha, ambayo mtu huizima anapofungua mashine na kusahau kuirudisha. Pawasaplai za zamani, hasa za mashine zilizotoka Marekani, huwa na swichi nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Hapa Kenya stima ni volti 240, kwa hiyo lazima isome 230. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko, na baada ya hapo mwongozo huu hauna msaada.

OptiPlex nyingi, kwa mfano 7010, zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma, karibu na tundu la waya wa stima, pamoja na kitaa cha kijani. Kibonyeze. Kitaa kikiwaka, pawasaplai ina uhai. Kisipowaka, chomoa nyaya zake zote za ndani ujaribu tena. Kikiwaka sasa, kuna kitu ndani kinachoivuta chini, na mshukiwa wa kwanza ni kile ulichoongeza.

Sasa fungua. Tafuta plagi kubwa ya stima kwenye bodi kuu na ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Zisukume hadi klipu zilie. Angalia waya mwembamba wa kitufe cha mbele, kwa kuwa huo hung'oka kirahisi mtu akipitisha kebo ya diski. Inamisha boksi taratibu usikilize kama kuna skrubu inayotembea chini ya bodi. Skrubu moja iliyoanguka inatosha kuizuia mashine isiwake hata kidogo.

Ikiwa bado kimya, toa kipande kipya na ujaribu bila hicho. Ikiwaka, umepata jibu.

Kuna mbinu ya mitaani ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi ili pawasaplai iamke peke yake. Inafaa kwa zile za kawaida za pini 24 tu. HP nyingi, na Dell kuanzia OptiPlex 9020, hupanga plagi zao kivyao, kwa hiyo usibahatishe. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe: kapasita zake hushika chaji hata baada ya waya kuchomolewa.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hii ndiyo hali ninayokutana nayo zaidi. Kabla ya yote, kebo ya monita imechomekwa wapi? Ukiweka kadi ya grafiki, picha hutokea kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la bodi. Pia bonyeza kitufe cha monita uhakikishe kwamba imechagua HDMI, VGA au DisplayPort ile unayotumia. Naona haya kuandika jambo hili, lakini limewahi kuwatoa watu Bondo hadi hapa na mashine kwenye matatu.

Ikiwa uliongeza RAM, toa zote, ubakize moja ya zamani kwenye sloti iliyokuwa nayo. Ikiwaka, zima, ujaribu mpya peke yake kwenye sloti hiyohiyo. Ikiwaka tena, weka zote mbili. Kwa njia hiyo utajua kama kosa ni la RAM, la sloti, au la mchanganyiko wa RAM mbili ambazo kila moja ni nzima lakini hazitaki kukaa pamoja.

Unapoiingiza, linganisha mwanya wake na kitako cha sloti, sukuma pande zote mbili kwa nguvu sawa hadi klipu zijifunge zenyewe. Wengi huogopa kusukuma, na RAM iliyoingia robo tatu huonekana kama imeingia yote. Miguu ya dhahabu ikiwa na uchafu, ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilichoguswa kwa alkoholi ya isopropili, inayopatikana kwa mafundi wa simu. Wengine hutumia kifutio cha penseli. Hufanya kazi, ila usiache mabaki yake yakaingia kwenye sloti.

Halafu soma kibandiko, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotelea. DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, haziingiliani kabisa, mianya yake iko mahali tofauti, kwa hiyo ikikataa kuingia usilazimishe. Hatari zaidi ni zile zinazoingia vizuri halafu zikakataa kuwaka. Kibandiko kikisoma PC3-12800U, herufi U mwishoni inakuambia hiyo ni ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu. R ni ya seva, na ndiyo mtego: inaingia kwenye sloti ya OptiPlex yako bila shida, ni ya bei nafuu kwa sababu seva zilizostaafu ni nyingi, lakini mashine ya Core i5 haitawaka nayo hata uisafishe vipi. Kuna pia RAM za GB 8 za bei ya kutupa zinazotangazwa kuwa ni za AMD tu. Amini tangazo hilo, usiziweke kwenye Intel.

Kwa laptopu angalia kama imeandikwa PC3 au PC3L. Ile ya L hutumia volti 1.35 badala ya 1.5. Laptopu za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 zenye DDR3 hudai ya L, na nyingi zitakuonyesha skrini nyeusi ukiziwekea ya kawaida. Kinyume chake huwa hakina tatizo: ya L karibu kila mara hufanya kazi kwenye laptopu ya zamani ya volti 1.5.

Sloti zikiwa nne na RAM ni mbili, mpangilio una maana. Bodi nyingi za dukani hutaka sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. HP na Dell za ofisi zina namba zilizochapishwa kando ya sloti, na mara nyingi kuna mchoro upande wa ndani wa mfuniko. Ikiwa wewe ni mmoja wa wachache wenye mashine mpya ya DDR5, iache ikae dakika kadhaa mara ya kwanza. Inajipima RAM yake, na kuizima katikati ni kuirudisha mwanzo.

Ikiwa uliongeza kadi ya grafiki, shida ni hesabu ya wati. OptiPlex 7010 ndogo, ile ya boksi jembamba, ina pawasaplai ya wati 240 kwa kila kitu. Sloti ndefu ya kadi kwa kawaida hutoa hadi wati 75, na baadhi ya mashine hizi nyembamba huruhusu chini ya hapo. Kadi kama GT 1030 hula wati 30 na itakaa kwa raha. GTX 1050 Ti iko kwenye 75, ukingoni kabisa. RX 580, ambazo nyingi ni mabaki ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hutaka kama wati 185 na plagi ya pini 8 ambayo mashine hizi hazina. Dukani utauziwa adapta ya kutoa stima kwenye waya wa diski kwenda kwenye kadi. Ikatae. Waya wa diski haukutengenezwa kubeba mzigo huo, na kinachofuata ni plastiki kuyeyuka. Kijana anayehariri video za harusi na anataka RX 580, ushauri wangu ni anunue boksi kubwa lenye pawasaplai ya kawaida, asibishane na jembamba.

Ili kupima, toa kadi, rudisha kebo ya monita kwenye bodi. Ikiwaka, iweke tena, hakikisha klipu ya mwisho wa sloti imejifunga na plagi ya ziada, kama ipo, imechomekwa. Kwenye mashine za kizazi cha 2 na cha 3, kadi mpya inaweza kukataa kwa sababu BIOS, ile programu ya bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ni ya zamani mno. Rudisha mashine bila kadi, sasisha BIOS, ujaribu upya. Na usisasishe BIOS mawingu yakiwa yanajikusanya juu ya ziwa: stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiamke tena.

Kubadilisha prosesa ni nadra zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Kuingia kwenye tundu si kukubaliwa. Prosesa za kizazi cha 8 na cha 9 zina umbo la tundu sawa na za kizazi cha 6 na cha 7, zote LGA1151, lakini bodi za zamani haziwezi kuziendesha. Ndiyo maana hakuna njia ya kuipandisha mashine ya kizazi cha 6 hadi kile Windows 11 inachotaka kwa kubadilisha prosesa tu. Za kizazi cha 3 kwenye bodi za cha 2 zahitaji BIOS mpya, na si kila mtengenezaji aliyeitoa. Ukiwa na Intel yenye herufi F mwishoni, kama 10400F, haina grafiki ndani, na bila kadi skrini itabaki nyeusi daima. Mulika tundu kwa tochi ya simu utafute pini iliyolala, na uangalie kama waya wa feni ya prosesa umerudi mahali pake.

Bado nyeusi? Futa kumbukumbu ya BIOS. Chomoa stima, toa betri bapa ya CR2032 kwenye bodi, subiri dakika tano, uirudishe. Mashine nyingi za mitumba zimekuja na betri iliyokwisha, basi weka mpya ukiwa hapo. Ila kabla hujaitoa soma sehemu ya skrini ya buluu hapa chini, maana hatua hii ina deni lake. Baada ya hapo rekebisha tarehe. Mashine inayodhani tuko 2012 haitafungua eCitizen wala iTax, na utalaumu intaneti bure.

Nembo inaonekana, diski haionekani

Hapa bodi, RAM na prosesa ni nzima. Usivisumbue tena. Ujumbe huwa ni "No bootable device" au maneno ya jamaa hiyo, na mara nyingi ulikuwa ukiweka SSD.

Kwanza, usifute diski ya zamani. Hadi SSD iwashe mashine yenyewe, diski ya zamani ikiwa nje ya boksi, hiyo ya zamani ndiyo nakala yako pekee ya kazi za watu.

Ingia kwenye BIOS, kwa F10 kwenye HP za mezani, F2 kwenye Dell, F1 kwenye ThinkCentre nyingi, uone kama SSD imeorodheshwa. Isipoonekana, ni kebo au ni aina. Badilisha kebo ya data na tundu, hakikisha plagi ya stima ya SSD imeingia. Ikiwa ni ile nyembamba ya M.2, jua kwamba ziko za SATA, aina ya zamani, na za NVMe, aina ya kasi zaidi, na sloti nyingi za laptopu hukubali moja tu. Kwa kawaida NVMe ina mwanya mmoja kwenye miguu na SATA ina miwili. Kwenye baadhi ya bodi, kuweka M.2 huzima tundu mojawapo la SATA, kwa hiyo diski ya zamani hupotea ghafla ilhali hujaigusa. Ihamishe tundu jingine.

Watu hununua NVMe pamoja na adapta ya kuiweka kwenye sloti ya kadi ya OptiPlex 7010. Windows itaiona na utahifadhi vitu humo, lakini BIOS yake haijui kuwasha kutoka NVMe. Kwa mashine za kizazi cha 4 kurudi nyuma, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 uache mbio za kasi. Ukitoka diski ya kuzunguka, tofauti utaiona hata hivyo.

Ikiwa SSD inaonekana lakini haiwashi, chunguza mambo mawili. La kwanza ni mfumo wa kuwasha: Windows iliyowekwa kwa Legacy hukaa kwenye diski ya mpangilio wa MBR, na iliyowekwa kwa UEFI hukaa kwenye GPT. Mtu akisikia Windows 11 inataka Secure Boot, huingia BIOS akabadilisha Legacy kuwa UEFI, na papo hapo mashine haioni chochote. Rudisha Legacy, itawaka. Kama unataka UEFI kweli, Windows 10 tangu toleo la 1703 ina programu iitwayo MBR2GPT inayogeuza diski bila kufuta. Iendeshe kwanza, ndipo ubadilishe BIOS.

La pili ni kunakili nusu. Windows haiko kwenye draivu C peke yake. Kuna sehemu ndogo iliyofichwa yenye faili za kuwashia, na aliyenakili C tu ameacha ufunguo kwenye diski ya zamani. Hali hiyohiyo humpata aliyeweka Windows upya kwenye SSD huku diski ya zamani ikiwa imechomekwa: faili za kuwashia zikaenda kwenye ya zamani, na siku anayoitoa, SSD inabaki bubu. Wanaozoea amri wanaweza kuwasha kwa flashi ya Windows na kutumia bcdboot. Kwa wengine wote, njia fupi ni kurudisha diski ya zamani, kunakili diski nzima na sehemu zake zote, kisha kuiwasha SSD ikiwa peke yake ndani ya boksi. Usiwashe mara ya kwanza nakala na asili zikiwa pamoja, kwa kuwa Windows huzichanganya.

OptiPlex ikisimama na kuandika "Alert! Cover was previously removed", hiyo si hitilafu. Inakuarifu tu kwamba mfuniko ulifunguliwa. Bonyeza F1 uendelee.

Windows inaanza, inafia kwenye skrini ya buluu

Hili ndilo deni la kutoa betri. Maandishi yakisoma INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na ulifuta kumbukumbu ya BIOS au betri ilikuwa imekwisha, nenda kwenye mpangilio wa SATA ndani ya BIOS, unaoamua kama bodi itaongea na diski kwa njia ya AHCI au RAID. Dell za ofisi hutoka kiwandani zikiwa RAID On. Kama Windows yako iliwekwa kwenye AHCI, kurudi kwenye mpangilio wa kiwanda kunaifungia mlango. Badilisha iwe ilivyokuwa, AHCI au RAID, na itapanda bila kuweka Windows upya. Ndiyo maana inafaa kupiga picha kurasa za BIOS kabla ya kugusa betri.

Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, wenye tarakimu 48, ingia kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine kwa simu, ufunguo mara nyingi umehifadhiwa humo. Mashine iliyokuwa ya kampuni huenda ufunguo wake uko kwa kampuni hiyo. Anayepanga kubadilisha vipande siku zijazo asimamishe BitLocker kwa muda kabla ya kufungua boksi.

Ikizimika ovyo baada ya dakika chache, au skrini za buluu zikiwa za majina tofauti kila mara, shuku RAM mpya. Iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja, irudishe dukani. Ikizimika pale tu kazi inapokuwa nzito, mathalani wakati wa kutoa video, shuku pawasaplai au pesti ya prosesa iliyokauka.

Iangalie pia UPS. Ile ndogo ya 650VA hubeba wati chini ya 400, na mashine yenye kadi mpya pamoja na monita mbili inaweza kuijaza. Printa ya leza isichomekwe humo hata siku moja. Inapopasha joto huvuta stima nyingi kwa ghafla, UPS inakata, na kompyuta inapata lawama.

Ukiamua kurudisha kipande

Kilicholetwa kwa basi kutoka Nairobi kijaribu siku hiyohiyo kinapofika, kwa sababu muda wa kurudisha huwa mfupi. Unaponunua hapa mjini, beba mashine yenyewe dukani ijaribiwe mbele yako. Muuzaji anayekataa hilo usimpe pesa. Chukua kipande cha zamani kama mfano, picha ya kibandiko cha kipya, na ile video ya taa zinazopepesa. Mwambie umejaribu kipande chake peke yake kwenye sloti ambayo cha zamani kinawaka.